Reti zikipanda, mtaro wetu utazibuliwa?

"Assalam aleikum. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Mombasa. Nina kiwanja cha thumuni ya eka Bamburi, kina hati, nilikinunua kwa mkopo wa sako na bado sijajenga. Mamangu anaishi Majengo, kwenye nyumba ya Kiswahili aliyotuachia baba. Nyumba ni yetu lakini ardhi ni ya watu wengine, na kila mwezi tunawalipa kodi ya kiwanja. Mbele ya mlango wa mama kuna mtaro uliojengwa kabla mimi sijazaliwa. Masika yakija, maji meusi hupanda mpaka barazani. Sasa nasikia kuna sheria mpya, ardhi zote zitathaminiwa upya na reti zitapandishwa ili miundombinu mikuukuu itengenezwe. Mshahara wangu haujapanda. Ni haki nilipe zaidi kwa kiwanja kisicho na hata choo? Mama naye ataongezewa? Na nikilipa, huo mtaro utazibuliwa kweli, ama ni yale yale? Kuna jamaa ananiambia wengi hawalipi na hawafanywi kitu, bora nikae kimya."

Waaleikum salaam, mwalimu. Umeuliza maswali manne kwa pumzi moja, na nitayajibu yote, ila si kwa mpangilio ulioyaleta. Nimeifanya kazi ya uthamini wa ardhi miaka mingi, na watu wengi wanaokuja mezani kwangu na hasira za reti huwa wamechanganya malipo mawili au matatu. Tuyatenganishe kwanza.

Kuna reti, yaani kodi ya ardhi ya kila mwaka, inayokwenda kwa kaunti. Katiba ya 2010, kifungu cha 209, ndiyo inayoipa kaunti uwezo wa kuitoza. Kila mwenye ardhi iliyo ndani ya daftari la kaunti hulipa, awe na hati ya milele au ya miaka 99. Kuna renti, inayokwenda kwa serikali kuu. Hii humhusu tu mwenye ardhi ya kukodishwa na serikali, yaani hati ya miaka kadhaa. Halafu hapa kwetu Pwani kuna ya tatu, ambayo mtu wa Nyeri ukimweleza atakuomba urudie: kodi ya kiwanja, anayolipa mwenye nyumba kumlipa mwenye ardhi. Hiyo ya tatu si kodi ya serikali. Ni mapatano ya watu wawili, na mara nyingi yalianzwa na mababu ambao wote wamekwisha kufa.

Kwa hiyo wewe, kwa kiwanja cha Bamburi, unadaiwa reti, na pengine renti pia. Angalia hati yako imeandikwa nini. Mamako halipi reti moja kwa moja. Anayejulikana kwenye daftari la kaunti ni mwenye ardhi. Nitarudi kwa mama, kwa sababu kwake yeye ndiko ninakoona hatari zaidi kuliko kwako.

Sasa hiyo sheria mpya. Ni kweli ipo. Rais alitia saini Sheria ya Kitaifa ya Reti mnamo Desemba 2024, ikaziondoa sheria mbili kuukuu tulizorithi kutoka zama za mkoloni. Lakini sheria hiyo peke yake haikumpandishia mtu hata shilingi. Inaweka utaratibu tu: nani anathamini, kwa njia gani, na ukikataa unalalamika wapi. Kiwango chenyewe hupitishwa na bunge la kaunti, kwa sheria, na kabla ya kupitishwa lazima nyinyi muulizwe. Anayekwambia "serikali imeshapandisha" amekurukisha hatua tatu.

Reti huhesabiwa hivi. Mthamini huandika thamani ya kila kiwanja kwenye daftari. Bunge la kaunti huamua asilimia. Thamani mara asilimia, ndiyo bili yako. Kitu kinachowapoteza watu ni kwamba namba hizi mbili zinaweza kwenda njia tofauti, moja ikipanda na nyingine ikishuka, na wewe ukashangaa mfuko wako umeathirika vipi.

Nairobi ni mfano mzuri. Kwa miongo kadhaa jiji lile lilitoza reti kwa thamani za ardhi za mwanzo wa miaka ya 1980, wakati sheria ya zamani yenyewe ilitaka daftari jipya angalau kila miaka kumi. Asilimia ilikuwa imefika 25. Daftari jipya lilipoanza kutumika, asilimia ikashushwa mpaka 0.115. Mtu akisikia 25 imekuwa 0.115 atapiga vigelegele. Ngoja apige hesabu. Tuseme kiwanja kiliandikwa shilingi 8,000 kwenye daftari la kale: asilimia 25 yake ni 2,000 kwa mwaka. Sasa kinaandikwa milioni 4, na asilimia 0.115 ya milioni 4 ni 4,600. Bili imepanda zaidi ya mara mbili ingawa asilimia imeporomoka. Lakini mchukue jirani wa mtaa mwingine, ambaye zamani aliandikiwa 20,000 kwa sababu mtaa wake ulikuwa wa fahari, na leo mtaa umefifia, kiwanja ni milioni 3. Alikuwa akilipa 5,000, sasa analipa 3,450. Hizi thamani nimezitunga mimi ili uone njia, usiende nazo kaunta. Asilimia ndizo zilizokuwa za Nairobi.

Umeona kilichotokea? Daftari jipya huhamisha mzigo hata kabla halijaongeza jumla. Mitaa iliyopanda thamani upesi ndiyo inayobeba. Na Bamburi, mwalimu, si pale ulipopajua utotoni. Mtu aliyekuwa akinunua huko viwanja akichekwa kwamba amenunua msitu, leo hachekwi na mtu. Kwa hivyo jitayarishe: kaunti ikiandaa daftari jipya, thamani ya kiwanja chako itapanda sana, na usipigane na hilo kwa sababu ni kweli. Cha kuuliza ni je, asilimia itashushwa kiasi gani kufidia? Hilo ndilo swali la kumshika nalo mwakilishi wenu wa wadi. Akikujibu kwa thamani tu, au kwa asilimia tu, hajakujibu.

"Kisicho na hata choo," unasema. Hapa naomba tusikilizane. Kwa muda mrefu mtindo wa Kenya umekuwa kuthamini ardhi tupu, bila kilichojengwa juu yake. Nakumbuka siku moja nikiwa kazini na futi yangu, mzee mmoja alinifuata nyuma akinionyesha vigae vya paa, milango ya mninga, mapambo ya sakafu, na mimi sigeuki hata kutazama. Nilipima upande wa mbele, nikaangalia upana wa barabara na umbali mpaka lami, nikaandika. Alikasirika. Nikamwambia, Mzee, jirani yako aliyeacha kichaka ataandikiwa karibu sawa na wewe. Uso ukabadilika, akacheka.

Mantiki yake ni hiyo. Ukitoza jengo, unamwadhibu aliyejenga. Ukitoza ardhi, unamsukuma aliyeikalia bila kuitumia. Na sehemu kubwa ya thamani ya kiwanja tupu haikuletwa na mwenyewe. Imeletwa na barabara, stima, shule na watu waliojaa pembeni. Wewe hujatia hata tofali, lakini kiwanja kimepanda, na kilichokipandisha ni mali ya umma. Kwa hivyo jibu langu kwa swali la haki ni ndiyo, ni haki ulipe kitu kwa kiwanja kitupu. Najua si jibu ulilolitaka.

Lakini haki hiyo ina ufa, na sitauficha. Thamani ya ardhi si pesa mkononi. Mjane anayeishi kwenye ardhi ya milioni kumi aliyorithi, akila kwa kuuza viazi karai jioni, kwenye daftari ni tajiri. Ndiyo maana mimi huunga mkono kupandisha kwa ngazi, miaka mitatu au minne, badala ya mruko mmoja, na nafuu kwa wakongwe wanaoishi kwenye ardhi yao wenyewe, deni likingoja mpaka ardhi iuzwe au irithiwe. Bunge la kaunti linaweza kupitisha mambo hayo kwa sheria likitaka. Hayaji bila kuombwa.

Twende kwenye mtaro sasa, maana naona ndio uliokuandikisha barua.

Umeandika maji meusi. Hilo neno moja limenieleza mengi. Maji ya mvua peke yake huwa ya udongo, kahawia. Yakiwa meusi na yana harufu, kuna vyoo vinavyomwaga ndani ya mtaro. Sehemu kubwa ya Mombasa haijaunganishwa na mabomba ya maji taka. Watu wana mashimo na matangi, na lori la kunyonya ni ghali, tena halipiti kwenye vichochoro vya mitaa ya zamani. Basi usiku mtu huchimba, hutia bomba la inchi nne, na shimo lake halijai tena maishani. Mtaro uliopimwa kwa ajili ya mvua ya paa na uwanja unageuzwa njia ya choo. Ukifunua kifuniko utakuta tope zito limeganda nusu ya kina, juu yake mifuko, nepi, vifuu vya madafu, na kando ukuta wa mawe umeliwa, saruji ukiisugua kwa kidole inamwagika kama unga. Mvua ya kwanza kubwa haina pa kupita, nayo hupanda barazani kwa mamako.

Nakwambia haya kwa sababu moja: hakuna kiwango cha reti kitakachouponya mtaro huo ikiwa bomba la jirani halikukatwa. Kaunti itajenga upya, na baada ya misimu miwili utaziba. Mambo mawili lazima yaende pamoja, na hilo la pili linataka mtu wa afya ya umma wa kaunti atembee mlango kwa mlango. Hugharimu fedha kidogo na uadui mwingi.

Upande wa fedha, ni vizuri ujue mfuko gani unalipia nini, usije ukamdai asiyehusika. Mitaro ya mvua mijini, taa za barabarani, masoko, maeneo ya kuzikia, zimamoto na barabara za mitaani ni kazi za kaunti kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba. Hizo ndizo reti inaweza kuzisaidia. Maji ya bomba na maji taka ni kazi ya kaunti pia, lakini huendeshwa na kampuni ya maji kwa bili za wateja, na bei hupitishwa na mdhibiti wa taifa wa huduma za maji. Barabara kuu ni za mashirika ya serikali kuu, nazo hulipiwa na ile tozo ya mafuta, shilingi 25 kwa kila lita tangu Julai 2024. Kila ukipanda matatu unailipa bila kujua. Mtu akikuambia reti ipande ili barabara kuu ya kwenda Malindi itengenezwe, anakuchezea.

Reti yenyewe ikishalipwa huingia kwenye Hazina ya Mapato ya Kaunti, mfuko mmoja, pamoja na ada za maegesho, leseni za biashara, ushuru wa soko na mgao kutoka Nairobi. Pesa haina alama. Shilingi zako za Bamburi hazijui mtaro wa Majengo. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende kwenye maendeleo, na kanuni zake za 2015 zinataka mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato. Kaunti nyingi hushindwa na hiyo ya pili, mwaka nenda mwaka rudi.

Na sasa lile ninalotaka ulishike kuliko yote. Katika vitabu vya bajeti, kujenga mtaro mpya ni maendeleo. Kuusafisha na kuziba nyufa ni matumizi ya kawaida. Asilimia 30 ya maendeleo inalindwa na sheria. Matumizi ya kawaida hulinda kwanza mishahara, na kinachobaki hugawanywa kwa mafuta ya magari, semina na, mwisho kabisa, matengenezo. Hakuna kiongozi aliyekata utepe kwenye mtaro uliosafishwa. Basi miundombinu inazeeka si kwa sababu imekosa pesa tu, bali kwa sababu haina mlango ndani ya bajeti. Inaachwa mpaka ife, kisha inafufuliwa kama mradi mpya, kwa bei ambayo ingelipia kuisafisha kwa miaka mingi. Nimekaa kwenye mikutano ya bajeti, sitasema ya kaunti gani, ambapo mhandisi aliomba fedha za koleo na vijana wa kuzibua, akapewa nusu, na dakika kumi baadaye ukapita mradi wa lango la kuingilia mji.

Kwa hiyo kabla ya kukubali au kukataa nyongeza ya reti, dai kuona mstari wa matengenezo. Uwe umeandikwa kwa jina: mitaro ya wadi fulani, kiasi fulani, mara ngapi kwa mwaka, kabla ya masika na kabla ya vuli. Ukiwepo, mimi mwenyewe ningelipa zaidi na ningekushawishi nawe ulipe. Usipokuwepo, nyongeza itaingia kwenye mfuko mmoja na utakaa kuuliza ilikwenda wapi.

Kuna njia nyingine badala ya kupandisha? Zipo, na kaunti inayoheshimu watu wake huzimaliza kwanza. Ya kwanza ni kuwafikia wasiolipa. Jamaa yako amesema kweli kwamba ni wengi. Kila kiwanja kisicholipa humwongezea anayelipa. Ya pili ni serikali kuu yenyewe. Ardhi ya umma hailipi reti kama yako, inatakiwa itoe mchango badala ya reti, na kaunti kadhaa, Nairobi ikiwa mbele, zimelalamika miaka mingi kwamba mchango huo hauji. Ya tatu ni mkopo. Mtaro mkubwa unaotumika miaka hamsini ni sawa ulipiwe na watu wa miaka hamsini. Lakini Katiba inaitaka kaunti ipate dhamana ya serikali kuu na kibali cha bunge lake kabla ya kukopa, na deni hulipwa na reti hizo hizo, kwa riba. Ya nne, ushuru wa soko na maegesho, humwangukia mama mboga na dereva, ambao tayari wanalalamika. Mimi nikipanga, natanguliza kukusanya, kisha serikali kuu ilipe, kisha ndipo tuzungumze nyongeza. Mkopo ni kwa kazi kubwa yenye mchoro na bei, si kwa ahadi.

Misikiti, makanisa na makaburi kwa kawaida yamesamehewa reti, hilo lisikusumbue. Ila msamaha ni wa mahali pa ibada. Duka lililo upande wa barabara likikodishwa, kutegemea sheria ya kaunti, linaweza kuhesabiwa kivyake. Wasimamizi wa wakfu huwa wanashtuka nalo.

Sasa ushauri wa jamaa yako, wa kukaa kimya. Ni kweli kwamba unaweza kukaa miaka bila mtu kubisha hodi. Lakini riba hukusanyika kila mwezi, na siku utakayotaka kuuza, kuwagawia watoto, au kuweka kiwanja benki upate mkopo wa kujenga, utaulizwa cheti cha kaunti kwamba hudaiwi. Hapo hutakuwa na nguvu ya kubishana. Nimeona mtu akitoa sehemu ya tano ya bei ya ardhi yake kulipa riba ya deni ambalo mwanzo lilikuwa dogo. Kaunti nyingine hutangaza msamaha wa riba kwa miezi michache, ukiupata uutumie. Siupendi kama siasa, kwa sababu humfanya aliyelipa kwa wakati aonekane mjinga, lakini ukiwa umetangazwa kisheria ni haki yako. Uulize tu tangazo lenyewe, kwa sababu Katiba hairuhusu kodi isamehewe kwa neno la mtu kwenye mkutano. Na usilipe mkononi kwa mtu. Lipa kwenye mfumo wa kaunti, na risiti ioane na namba ya kiwanja chako, si jina lako peke yake.

Kwa mama, sasa. Reti ya ardhi ya Majengo iko kwa jina la mwenye ardhi. Ikipanda, atatafuta wa kumpa mzigo, na wa karibu ni wapangaji wa kiwanja. Atakuja na kodi mpya, huenda mara mbili au tatu ya zamani. Msikubali na msikatae siku hiyo. Mwombeni awaonyeshe bili ya reti ya kiwanja chote, kisha gawanyeni kwa idadi ya nyumba zilizo juu yake. Mara nyingi utakuta nyongeza ya reti ni shilingi mia chache kwa nyumba kwa mwaka, na yeye anaomba elfu chache kwa mwezi. Hapo tofauti si reti tena.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni mwenye ardhi asiyelipa kabisa. Sheria imekuwa ikiiruhusu kaunti kumshtaki, kulifunga deni kwenye ardhi, na hata kuwaagiza wanaomlipa kodi wailipe kaunti mpaka deni liishe. Ikija barua ya namna hiyo, mama asipuuze na asilipe mara mbili. Na ardhi ikiuzwa, mnunuzi mpya huja akisema nyumba imejengwa kwenye mali yake. Nyumba bila ardhi ni desturi ya kale ya Pwani na mahakama zinaijua, lakini mbele ya hakimu desturi hutaka karatasi. Zile risiti za kodi ya kiwanja, hata zilizoandikwa kwa penseli na kutiwa sahihi ya mtu aliyekwisha fariki, ndizo ushahidi wa mama. Usiziache kwenye bati la biskuti juu ya kabati ambako maji ya masika na mchwa watazifikia. Zipige picha zote, moja moja, uonekane mwaka.

Daftari la uthamini litakapotangazwa, litawekwa wazi watu walikague, na kutakuwa na siku za kupinga. Chini ya sheria ya zamani zilikuwa 28. Soma tangazo lenyewe uone zako ni ngapi na zinaanza lini. Unapopinga, usiandike "ni nyingi mno". Andika kwamba kiwanja namba fulani kimethaminiwa kana kwamba kiko kwenye lami ilhali kiko mita kadhaa ndani, au kina nusu ya bonde, au ukubwa umekosewa, na uambatanishe bei za viwanja viwili vitatu vilivyouzwa karibu. Thumuni ya eka ikiandikwa robo, utalipa mara mbili maisha yako yote bila kosa lako. Hilo nimeliona zaidi ya mara moja.

Vikao vya mswada wa fedha wa kaunti na vya bajeti ni vitu viwili tofauti, na watu huhudhuria kimoja tu. Makadirio ya bajeti hufikishwa bungeni kabla ya Aprili 30, na hapo ndipo mstari wa matengenezo unaandikwa au haukuandikwa. Mswada wa fedha, wenye asilimia ya reti, huja baadaye. Ukienda kwenye wa pili peke yake umefika karamu sahani zimeoshwa. Na usidhani vikao hivi ni mchezo. Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliibatilisha sheria nzima ya fedha ya Kiambu ya 2013 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Kwa hiyo jiandikishe kwenye orodha ya waliohudhuria, na ombi lako liwe la maandishi, nakala ubaki nayo imepigwa muhuri.

Mambo mengine hayatatuliwi kwa barua kama hii. Ukiona thamani ya Bamburi imekosewa sana, tafuta mthamini aliyesajiliwa na bodi ya wathamini, akague mwenyewe. Ada yake ilinganishe na utakachookoa, wakati mwingine haifai. Mama akipata notisi ya kuhama au ya kubomoa, au barua ya kaunti ya kumtaka alipe deni la mwenye ardhi, hapo nenda kwa wakili wiki hiyo hiyo, na kesi za namna hii zina mahakama yake, ya Mazingira na Ardhi. Msisubiri mkutano wa familia wa Idi. Na kama maji meusi yanaingia ndani ya nyumba yenye watoto, afisa wa afya ya umma wa kaunti ndiye wa kwanza, kabla yangu na kabla ya wakili.

Siku ya kikao cha bajeti nenda na picha ya mtaro iliyopigwa wakati wa masika, maji yakiwa kwenye ngazi za baraza. Za kiangazi waachie wao, wanazo nyingi.